Bwana yangu alisimama kwenye kona, mudogo wangu akimuita

Mpendwa Maman Sophie, naomba unisaidie kabla nyumba yangu ivunjike.

Mimi ni Noëlla wa hapa Bukavu, bwana yangu Cirhuza anabeba majeruhi katika ekipe ya secouristes ya kanisa letu, paroisse, na kiongozi wao ni muuguzi mumoja, infirmière maman Eulalie. Siku ile ya mwezi wa sita askari walipoanza kupigana ndani ya mji, mudogo wangu Aganze alikuwa anakimbia kurudi nyumbani, masasi ikamupata muguu, akaanguka katikati ya barabara, na ekipe ikafika mbio na kipoyi cha kubebea majeruhi, lakini maman Eulalie akawasimamisha kwenye kona, nyuma ya ukuta, akasema, "Mbele ya kona hii ni mahali pa masasi, hakuna mutu wangu atavuka mupaka niseme. Hapa nyuma tutafunga vidonda. Kule chini kwa paroisse ndiko docteur iko."

Nilikuwa pale, Maman Sophie, nilisikia Aganze anaita shemeji yake, "Beau-frère! Beau-frère Cirhuza, usiniache!" na bwana yangu, mwenye anapenda huyu kijana kama damu yake, alitetemeka lakini hakuvuka, akalala chini pale konani, akapiga kelele, "Aganze, toa mukaba kwenye pantalo! Funga juu ya goti! Kaza! Kaza tena!" na Aganze akafunga, na jirani yetu Télesphore akakasirika, akatutukana sisi wote, akatoka mbio amubebe, na masasi ikamuangusha mbele ya macho yetu, hakuamuka tena.

Maman Eulalie akaita askari, akaita tena na tena, mupaka komanda wao akajibu kwamba wanaacha barabara ile, wanateremuka upande mwingine, na masasi iliponyamaza akatoka yeye wa kwanza, mikono juu, ndipo akasema, "Mukuje." Aganze aliishi, lakini walimukata muguu.

Sasa mama yangu, maman Madeleine, hataki Cirhuza aingie kwake, anasema, "Aliangalia mutoto wangu akimwaga damu kama mutu anaangalia mupira," na ananiambia nirudi kwake na watoto. Nikaomba bwana yangu aende apige magoti, aombe tu musamaha ili amani irudi, akakataa: "Nikiomba musamaha juu ya ile, siku ingine nitavuka, na wewe utakuwa mujane." Ninamuheshimu kuliko mbele, lakini mama ni mama. Nifanye nini?

Noëlla, Kadutu

JIBU LA MAMAN SOPHIE

Noëlla mwanangu, pole kwa muguu wa Aganze, na Mungu amupokee Télesphore, mutu mwema ambaye wema wake haukuzuia masasi.

Lakini wacha nikukaripie. Ulimutuma bwana yako aombe musamaha kwa kosa gani? Ulikuwa pale! Kukimbia mbele ni rahisi, moyo wenyewe unakusukuma. Kusimama huku mutu unayemupenda anakuita kwa jina, na bado ukapata akili ya kumuelekeza afunge wapi, hiyo ni kazi ya mutu muzima. Cirhuza alianza kumutibu Aganze akiwa palepale konani. Angevuka, nani angebaki wa kushika kipoyi? Na huyo Eulalie, aliyezuia watu wake kwa neno moja halafu akatangulia yeye mwenyewe, siku nikikutana naye nitasimama barabarani kumusalimia.

Mama yako usimuone mubaya. Hakuwa pale. Alichoona ni mutoto aliyerudishwa bila muguu, na hasira inashika mutu wa karibu. Ila barua nzima umeniambia maneno ya mama na maneno ya bwana, hukuniambia neno hata moja la Aganze tangu alazwe. Umemuuliza?

Basi fanya hivi. Jumapili, misa ikiisha, nenda kwa mama yako bila Cirhuza. Usibishane. Musimulie yote, hata namna beau-frère alivyotetemeka. Halafu unyamaze, Aganze mwenyewe amwambie mama yake nani alizuia damu yake. Kisha muende nyote kulala matanga pamoja na mujane wa Télesphore, maana naye anahitaji watu. Mama akikataa bado, ngoja, urudi tena Jumapili nyingine.

Kuhamia kwake na watoto, hapana. Mwanaume aliyerudi muzima hapewi azabu kwa sababu hiyo.

Na neno la mwisho. Umeniandikia kwamba unamuheshimu bwana yako kuliko mbele. Mimi si muke wake. Mwambie yeye, leo, kabla chakula kifike mezani.