Nyumba Tuliyoiezua Milepa

Kizwite, Sumbawanga
14 Oktoba 2024

Mama Rozina mpendwa,

Shikamoo mama. Mmeamkaje wewe na mjukuu wako Coleta? Kifua chake kimetulia? Sisi vijana wa parokia tulifika salama, ila vumbi la Milepa bado linatoka masikioni. Huku juu baridi ni ile ile, nimerudia sweta.

Nakushukuru kwa kutulea siku zile. Tulikuja kuwahudumia, nanyi ndio mkatuhudumia. Wale perege wa ziwani nimemsimulia mama mpaka amechoka.

Kuhusu mabati ya kuezekea nyumba yako: pikapu iliyoyabeba iliharibika kule mlimani, ikageuza. Mwenyekiti wetu Shedrack amesema yataletwa wiki ijayo. Najua ulituomba tuache nyasi juu mpaka uyaone mabati kwa macho yako. Mimi ndiye niliyesema tuezue, ili yakifika kazi iwe imebaki ndogo. Vumilia kidogo mama, mvua bado.

Mwanao,
Edith

Milepa
3 Novemba 2024

Mwanangu Edith,

Marahaba. Mkono ni wa Coleta, maneno ni yangu. Sisi tupo, kifua chake ndio hivyo hivyo. Wazazi hawajambo? Wasalimie, waambie wamelea.

Wiki ijayo uliyosema imepita, na nyingine zimepita. Sikulaumu, magari ni magari. Tunalala chini ya turubai la jirani, baba Leonidas, yule mfugaji aliyetuletea maziwa. Naye atalihitaji mvua ikianza. Naomba jambo moja tu: uniambie kama mabati yanakuja au hayaji. Kama hayaji nikatafute nyasi mbali, maana za hapa zimeungua na moto wa kiangazi. Nijibu hata kama jibu ni baya.

Barua hii nimempa Fabiani, dereva wa lori la mpunga. Jumamosi huwa sokoni hapo mjini.

Mama yako,
Rozina

Milepa
28 Novemba 2024

Mwanangu Edith,

Hujambo? Nyumbani wote wazima? Huenda barua yangu ya kwanza ilipotea. Fabiani ana mambo mengi.

Mvua imenyesha mfululizo tangu Jumapili. Ukuta wa nyuma ulianguka sisi tukiwa shambani, Mungu ametusitiri. Kesho yake ukalala na wa mbele. Matofali mabichi yakikosa paa yanarudi kuwa udongo. Mahindi ya chakula yameota ndani ya magunia.

Tunakwenda Namanyere kwa binti yangu Agnesi. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana ya mama mkwe kulala nyumba moja na mkwewe. Naona aibu hata kumwambia Coleta aandike. Lakini anakohoa sana, sina pengine pa kumlaza.

Ukitaka kuniandikia, andika kwa mkwe wangu Isdori, ana duka sokoni.

Mama yako,
Rozina

Kizwite
9 Desemba 2024

Mama Rozina,

Shikamoo. Coleta anaendeleaje? Najua sistahili kuuliza.

Barua yako ya kwanza haikupotea. Fabiani alinipa mkononi. Niliisoma nimesimama pale sokoni, nikamwambia nitaleta majibu. Jumamosi zilizofuata nilikuwa namtuma mdogo wangu sokoni, nisije nikakutana naye.

Mama, mabati yako yaliezekea nyumba ya katekista. Kamati yetu iliamua hivyo tuliporudi tu, ikasema yako yatatafutwa baadaye. Nilikuwa kwenye kikao na sikufungua mdomo. Jumapili yake nikasimama kanisani kushuhudia safari yetu, nikasema tumemwezekea mjane nyumba. Watu walipiga makofi. Wazee walinipa mkono, nami nikaupokea.

Jana niliomba nafasi baada ya matangazo. Nikasema nyumba tuliiezua, hatukuiezeka, na sasa imeanguka. Shedrack alinisubiri nje, akaniuliza, "Sasa umepata nini? Umetuvua nguo wote." Tulipofika nyumbani baba alisema tu, "Ulikaa na barua ya mama wa watu mwezi mzima." La Shedrack nimelisahau. La baba halinipi usingizi.

Kamati imekubali kupeleka mabati. Najua nyumba ya kuyabeba haipo. Sijui nikuombe msamaha wa lipi kwanza.

Edith

Namanyere
19 Januari 2025

Mwanangu Edith,

Marahaba. Coleta amepata nafuu, walimtibu vizuri zahanati. Anaandika huku amenuna, maana kule Milepa kila jioni alikuwa anakwenda barabarani kuitazamia pikapu yenu. Sikumkataza kununa.

Mkwe wangu ni mtu mwema, na wema wake unanichosha. Akiingia, mimi natoka. Akila, mimi niko uani. Nasubiri aende dukani ndipo nioge. Shamba langu limelala bila mbegu mwaka huu.

Mabati yamefika Milepa, nimeyakubali. Baba Leonidas anayatunza.

Mwisho wa barua yako hukuandika "mwanao". Nimeona. Mimi nitaendelea kukuita hivyo.

Umeuliza uombe msamaha wa lipi. Kuezua nimesamehe, mlikuwa vijana mnaimba. Kukaa kwako kimya nitasamehe, bado sijamaliza. Lakini siku ile niliposema tungoje, ulinijibu mbele ya wenzako na majirani zangu: "Mama, acha mashaka, kuwa na imani." Nikanyamaza, nisionekane mjane asiye na imani. Kama si neno hilo ningewazuia. Hukulitaja. Nadhani ulikuwa hata hulikumbuki.

Mwezi wa tano, mvua ikikata, narudi Milepa kufyatua matofali. Usije na kikundi, wala sare, wala nyimbo. Ukija, njoo peke yako na nguo ya kukanyagia udongo. Utalala pale tutakapolala sisi. Usipokuja, tutafyatua mimi na Coleta.

Mwambie baba yako namsalimu sana.

Mama yako,
Rozina