Kiti cha Mzee Asiyekaa

Baba Kiprono,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Nilisoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, pale kanisani mpaka nikaweza kufuata Biblia na risiti za maziwa, basi. Lakini nikikuongelesha kwa mdomo wajukuu wanacheka, wanasema Kogo, nyanya yao, ameanza kupiga stori na ukuta. Kwa hivyo nimechukua kalamu. Na usijidanganye ati nimekaa hapa kukulilia. Nimekukasirikia. Mtoto wako ameanza kusimama.

Umenisikia? Kiprono. Anakula amesimama, sahani mkononi, mgongo kwa dirisha, kama wewe.

Hapa Chepsaita mambo ni yale yale. Mahindi ilikomaa, lakini mvua imekataa kuisha na sasa inaoza kwa shamba. Yule ng'ombe wako mweusi alikauka maziwa wiki ile tuliyokuzika, sijui nani alimwambia. Kiti chako bado kiko karibu na mlango. Wageni wanashangaa vile kimekaa kipya. Wangejua. Ni mimi nimekikalia sasa nikiandika, na ni kizuri, kinabeba mgongo. Ulinunua kiti kizuri hivi halafu ukakiangalia tu mpaka ukafa.

Nakumbuka vile ilianza. Ulitoka choo asubuhi ukishika ukuta, jasho kwa uso, nikakuuliza ni nini, ukasema ni mahindi ya kuchoma. Mahindi ya kuchoma! Nikakwambia kunywa maji, kula mboga, wacha kujaza ugali na nyama kama simba. Ukasema mboga ni ya wanawake na mbuzi. Siku zikapita, nikaona damu kwa suruali nikifua. Hapo ndio ulikubali kuna mahali pamepasuka.

Na ukafanya nini? Ukaenda kwa zizi ukachukua mafuta ya kukamulia. Ile ya kulainisha chuchu za ng'ombe. Ukaniambia, "Kama inaponya chuchu ya ng'ombe ikipasuka, mimi ni nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe pia ulicheka, lakini umesimama.

Kliniki iko hapo. Paa yake inaonekana ukiwa kwa shamba. Nilikusukuma ukaenda, ukarudi na dawa ya goti. Ya goti, Mzee! Ulifika mbele ya daktari ukamwambia goti ndio inauma, kwa sababu yule kijana ni mtoto wa Arap Maiyo, na wewe na Arap Maiyo mliingia jandoni siku moja. Mtoto wa mtu wa rika yako ni mtoto wako. Hiyo najua, mimi pia ni mtu wa hapa. Nikakuuliza, sasa? Ukaniambia, "Nimwinamie mtoto wangu nikiwa uchi? Afadhali nife."

Haya. Si umekufa.

Ukapanda gari ukaenda mpaka Eldoret mjini, kwa kemisti ambapo hakuna mtu anajua jina lako wala la baba yako. Msichana akakupa tyubu nyeupe yenye mdomo mrefu. Akakwambia, uliniambia mwenyewe, "Tumia hii wiki mbili, Mzee, isipopona uende ukaonwe na daktari." Ulisikia wiki mbili. Hiyo ingine ukaiacha hapo kwa kaunta.

Wiki mbili ilikuwa miaka. Kiprono alioa, akazaa, watoto wake wakaenda shule, na sisi bado tuko na tyubu. Hukuweza kujipaka mwenyewe, mgongo ulikuwa umekataa kujikunja. Kila asubuhi kabla sijaenda kukamua ulikuwa unalala kwa upande, uso kwa ukuta, ukiuma blanketi na meno. Mimi napaka. Inachoma kwanza, unaguna, halafu inaleta ganzi. Halafu unasema pole pole, "Asante, mama." Maisha yetu yote, Baba Kiprono, hukuwahi kuniambia asante kwa chakula, wala kwa watoto, wala kwa nguo. Kwa hiyo tu.

Nilikuwa nanawa na sabuni ya kipande, nasugua mpaka kwa viwiko, na bado ile harufu inabaki. Kama minti iliyomwagikiwa na mafuta ya taa. Ndio maana nilikuwa sisalimii mtu na mkono asubuhi. Dada zako walisema nina maringo. Niliwaacha waseme. Ningewaambia nini?

Na nilikuona. Mtu mwingine hakukuona, lakini mimi nilikuona. Ile ngozi iliisha, ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara. Panafunga leo, kesho panapasuka. Nikakwambia, hii dawa inakula mtu. Ukasema, "Si inatuliza?" Ndiyo, ilituliza. Hiyo ndiyo shida yake. Ingekuwa imekataa kutuliza ungeenda.

Ukawa mtu wa kusimama. Kanisani unasimama nyuma, karibu na mlango. Kwa baraza ya chifu unasimama. Kwa harusi ya mtoto wa dada yako walikuletea kiti cha mbele, cha kitambaa, ukasema, "Wacha kina mama wakae." Watu wakapenda sana. Mzee ana heshima! Mzee hana kiburi! Mimi nimekaa hapo nakuangalia ukibadilisha mguu, huu, halafu huu.

Halafu damu ikabadilika, ikawa nyeusi. Ukaanza kukonda, ukasema ni kufunga na kuomba. Siku uliyoanguka kwa shamba hatukukuuliza tena. Kiprono alikubeba kama mtoto mpaka hospitali ya mjini. Daktari wa huko hakuwa mtu wa upande wetu, hakujua wewe ni rika gani. Aliangalia. Ilichukua muda wa kupika chai tu, basi, mtu akaangalia.

Akaniita nje, akanikalisha kwa benchi. Akasema, "Mama, ule mpasuko ungepona. Kuna dawa yake ya sawasawa, na ikikataa kuna operesheni ndogo, mtu anarudi nyumbani. Lakini hakuna aliyeuangalia. Hiyo ya kupaka ilikuwa inatuliza hapa nje, na huko ndani, juu, kuna kitu kingine kilikuwa kinakua. Damu ilikuwa inawaambia." Nikamuuliza, sasa? Akaangalia viatu vyake. Mtu akiangalia viatu si umeshajua.

Wakati tulikuja kukuvalisha kwa mochari ndio nilikuona umelala chali. Umenyooka. Nikamwambia dada yako, ona, amelala chali. Akafikiri uchungu umenipiga kichwa.

Na mazishi! Kama ungesikia. Pastor alihubiri juu ya kusimama kwako. Ati ulisimama ili wengine wakae. Wazee wa rika yako wakapanda mmoja baada ya mwingine, simama, simama, simama. Arap Maiyo alilia kabisa. Mimi nilifunika uso na shali na watu wakafikiri ninalia. Nilikuwa nacheka, Baba Kiprono. Halafu nikalia kweli, kwa sababu ningecheka na nani?

Wakaona haitoshi. Kanisa likakata shauri litengeneze kiti, kikae kule mbele, na jina lako lishonwe kwa mgongo wake. Kiti cha ukumbusho wa mtu aliyesimama. Na fundi ni nani? Mtoto wako, si ana karakana ya makochi kule Huruma, Eldoret. Siku ya kukiweka wakfu wanataka kifungua mimba akae kwanza, aombewe akiwa amekikalia mbele ya watu wote. Ni Jumapili hii inayokuja.

Sasa sikia vizuri.

Juzi nilienda Huruma kuona hicho kiti. Nilifika asubuhi bila kupiga simu. Naomi akafungua mlango, na wewe unamjua Naomi, huyo ni mkaza mwana wa kukumbatia mtu mpaka anavunja mbavu. Akaniona, akaficha mikono nyuma. Akasema, "Karibu Mama, ngoja kidogo ninawe." Akaenda kwa ndoo. Nikasikia akisugua. Anasugua mpaka kwa viwiko. Akarudi, akanipa mkono, na ikaja ile harufu. Minti na mafuta ya taa.

Tuliangaliana tu, wanawake wawili, mikono imeshikana, na machozi yakamtoka.

Nikaenda karakana. Kiti kiko tayari, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, jina lako na uzi wa dhahabu. Kizuri, siwezi kusema uongo. Na kuna mteja amekuja kuona kochi lake. Unakumbuka vile Kiprono alikuwa anauza? Anajirusha kwa kochi, anaruka ruka na matako, anasema, "Ona springi, mama, hii utazikwa ukiiacha!" Sasa alikuwa anabonyeza na ngumi. Anabonyeza hapa, anabonyeza pale. Mteja akamwambia, "Si ukae nione." Akasema nguo yake ina gundi.

Mteja alipoenda nikamwambia, "Keti."

"Mama, nina kazi."

"Kiprono, keti kwa kiti cha baba yako nikuone."

Akashika mgongo wa kiti. Akashusha, akashusha, akafika nusu. Uso wake ukawa ule wako wa asubuhi. Akasimama.

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema ni kitu kidogo. Nikamuuliza kama kuna damu. Akasema, "Mama, hayo si mambo ya kuongea na mama." Nikamwambia, "Mimi ndiye nilikuosha hapo kabla hujajua una jina, usiniletee aibu ya jana." Nikamwambia yaliyokuua, yote, na maneno ya daktari kule kwa benchi, kwa sababu wewe ulinikataza kumwambia ukiwa kitandani, ukasema ajue ni tumbo tu. Nilimwambia. Kama umekasirika, kasirika huko.

Unajua alijibu nini? Alikohoa kwanza. Halafu akasema, "Lakini Baba alipaka akaishi miaka mingi."

Miaka mingi. Hiyo ndiyo alichukua kwa yote niliyosema.

Nikamwambia mjini pale kuna madaktari wengi, hawamjui. Akasema yule wa karibu ni msichana, umri wa binti yake. Akasema mwingine anasali na yeye. Akasema akimaliza oda ya makochi. Akasema baada ya kiti kuwekwa wakfu. Kila mlango nikifungua yeye ameshaufunga na mguu. Nilikuwa nasikiliza wewe. Sauti ni yako, hata vile anakohoa akitaka maneno yaishe. Naomi amesimama kwa mlango na mikono yake imelowa, anaangalia chini. Nikarudi nyumbani.

Mimi nimechoka, Baba Kiprono. Sitakudanganya ati nina tumaini. Pengine ni mpasuko tu, unaweza kupona. Pengine ni kile kingine. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeangalia, na ndivyo ulimfundisha. Hukumfundisha na mdomo. Ulisimama tu, watu wakapiga makofi, na yeye akaona.

Kwa hivyo nakuambia nitakalofanya, na siombi ruhusa. Ulikuwa unanyima ruhusa ukiwa hai, sasa huna mdomo.

Jumapili wataleta kiti mbele. Pastor atasema tena ulisimama kwa heshima. Watamwita Kiprono akae, na atasimama pale akisingizia gundi. Hapo nitainuka mimi. Nitawaambia kwa Kiswahili, ili hata wageni wasikie, kwamba Mzee hakukaa kwa sababu alikuwa na kidonda kwa matako. Nitasema matako, kanisani. Nitasema alipaka dawa miaka na miaka kwa sababu alimwogopa mtoto wa Arap Maiyo kuliko alivyoogopa kaburi, na huyo kijana atakuwa amekaa hapo hapo, na baba yake pia. Halafu nitamwonyesha Kiprono na kidole.

Najua itakuwaje. Dada zako hawatanisalimia tena. Wazee wa rika yako wataangalia viatu vyao. Hicho kiti watakitoa na jina lako litafumuliwa. Na Kiprono pengine atatoka kwa huo mlango wa nyuma na sitamwona tena mpaka mmoja wetu azikwe. Hata anaweza asiende kwa daktari, kwa hasira tu, kichwa ngumu kama chako. Nimeyafikiria yote nikiwa kwa kiti hiki. Sioni mahali yanaisha vizuri.

Lakini sitakuja kumvalisha mtoto wangu na kufurahi ati leo amelala chali. Hiyo nimekataa.

Nilikupenda, mzee mjinga. Mikono yangu bado inaamka kabla ya ng'ombe, inakutafuta kwa huo upande wa ukuta. Tulia hapo ulipo. Jumapili ukisikia kelele kanisani, ujue ni mimi. Kitu ulichoficha miaka hiyo yote nakitoa nje, na nikishakitoa nitatembea mpaka mbele, nikalie hicho kiti chako mimi mwenyewe, nione nani ataniinua.

Mama Kiprono