Gari ya Watalii wa Mweya

Bwera, 9 Juni 2014

Mke wangu Halimah, salamu nyingi huko Kampala.

Mama amepona malaria, na mahindi ya Kinyamaseke tumeyavuna. Ni mimi tu nisiyetulia.

Jana nilikwenda Kasese kukodi ile gari ya kifahari ya kubeba watalii wanaokwenda mbugani Mweya. Nilimwuliza mwenye gari, “Nikilipa miaka mitatu, itakuwa yangu?”

“Hapana, Muhamood. Utairudisha, na kila kilomita ya ziada utailipia.”

Nilimwomba apunguze malipo ya mwezi. Alikubali, lakini akataka hati ya shamba lako iwe dhamana. Nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeitoa sandukuni bila kukuuliza. Nilishika kalamu, kisha nikairudisha mezani bila kutia sahihi.

Anangoja mpaka Ijumaa. Bado naitaka gari hiyo, Halimah. Nipigie simu uniambie hapana.

Mumeo anayezungukazunguka uani,
Muhamood