Wimbo Ambao Mwanahawa Hakuuimba

Jumapili, saa kumi jioni. Hapa Mafiga kuna jua, lakini milima imefunikwa na wingu tangu asubuhi, nami nimejikasirikia mwenyewe.

Hadithi yangu natakiwa kuipeleka kwa mhariri keshokutwa. Ni ile ya Mwanahawa, msichana wa Uluguru aliyenusurika vita vya Mjerumani. Jina nimelibuni, ila msichana mwenyewe ni mama yake bibi yangu. Nilijua tangu zamani kwamba mjomba wake, aliyemlea, alikamatwa na askari akabebeshwa mizigo na hakurudi tena. Mengine nilijaza mwenyewe, kwa raha zangu.

Mwishoni nilimweka Mwanahawa kwenye kinu, vita vimekwisha, anatwanga huku akiimba wimbo ambao kila mwanamke wa Mkuyuni anaujua: "Twanga mwenzangu, twanga, waliotoka watarudi kula." Niliona maneno yale yamebeba matumaini yake yote. Nililia nilipokuwa naandika, na kusema kweli nilijipongeza.

Jana nilikwenda Mkuyuni kumsomea bibi. Nilisoma kwa mbwembwe, hata wimbo wenyewe nikauimba. Nilipomaliza, aliendelea kuchambua maharage, mabovu akiyachanganya na mazima.

Nikadhani amefurahi.

"Mjukuu wangu," akasema, "mama hakuuimba huo. Tangu nimjue, hakuuimba."

Kwamba hakuwa mwimbaji, hilo tunalijua sote. Hata harusini alikuwa akipiga makofi tu, na nyumbani bado watu hutania kwamba hakujaliwa sauti. Jana bibi alinieleza sababu, taratibu, bila kuniangalia. Wakati wa vita wanawake waliacha kutwanga, maana mlio wa kinu unafika mbali milimani, na askari wenye njaa walikuwa wanaufuata. Wakawa wanasaga kwenye jiwe, kimya kimya. Siku moja mama yake, wakati huo bado mtoto, aliachwa peke yake na mtama wa kusaga. Mikono iliposhika kazi, mdomo nao ukafuata mazoea, akaanza kuimba wimbo uleule. Askari walikuwa wanapita njia ya chini. Walipanda, wakachukua unga, kisha wakapekua nyumba na kumtoa mjomba wake darini alikojificha.

Mama yake bibi alilisema hilo mara moja tu, akiwa mgonjwa, siku chache kabla ya kufa. Bibi amekaa nalo miaka yote hiyo, halafu mimi nikaenda kukaa mbele yake nikimwimbia.

Naona aibu mpaka sasa.

Nilimwambia nitaufuta wimbo wote. Akakataa. Akaniuliza, "Hao watakaosoma, watamlaumu mama?"

Nikasema hapana, haraka mno, na nadhani aliona. Mwishowe akasema niandike, hata huku kwenye blogu yangu nikitaka, ila niwaambie watu kwamba alikuwa na miaka tisa.

Tangu asubuhi nahangaika na ukurasa huo. Wimbo nimeutoa mwishoni nikaupeleka mwanzoni, pale kwenye jiwe. Miaka tisa nimeiandika mara tatu, utadhani nimesimama mahakamani namtetea. Haisaidii. Yeye mwenyewe alijua alikuwa na miaka tisa, na bado alifumba mdomo maisha yake yote, huku "waliotoka watarudi" ikiimbwa kila ua aliopita.

Nilidhani maneno ya wimbo yananionyesha moyo wake. Sikujiuliza hata mara moja kama aliweza kuvumilia kuyasikia.

Kesho nikitoka kazini narudi Mkuyuni na karatasi zangu. Bibi ndiye atakayesikia kwanza, na akisema nichane, nitachana.

Safari hii nitasoma tu. Sitaimba.