Sauti ya Pili Nyuma ya Goli

Kambi ya Chai, Masukulu
2 Juni 1997

Mdogo wangu Ezron,

Ugonile? Huku hatujambo, ila baridi imeingia na mgongo wa mama unalalamika kuliko mama mwenyewe. Wewe je, joto la Dar halijakuyeyusha?

Nina jambo. Shamba limeuzwa, nadhani umesikia. Mwekezaji kauona uwanja wetu wa mpira, ule aliousawazisha baba na wenzake kwa majembe mpaka ukakataa kusawazika. Anasema udongo mzuri vile haulali bure, anataka apande chai. Wazee wamemsihi, kakubali neno moja tu: siku ya mechi ya Sabasaba atamtuma msimamizi wake. Timu yetu ya Jani Bichi ikiingiza wachezaji kumi na mmoja, uwanja unabaki. Wakipungua, timu haipo, inaingia miche.

Basi wahesabu wachezaji mwenyewe. Andongwisye yuko mpakani Kasumulu anauza sukari. Anyitike kakimbilia Mbeya. Biashara huria imetuachia kumi. Na kaburi la baba liko pale juu ya kona. Sitaki azungukwe na chai aliyoichuma maisha yake yote. Njoo, mdogo wangu! Ukungu ukishuka, sisi wanawake tutasimama nyuma ya goli la wageni tuimbe kama zamani, nawe utaifuata sauti.

Elina, mchumba wako uliyemwachia jezi yako namba kumi na moja, hakusalimii. Nakusalimia mimi kwa niaba yake.

Dada yako,
Atupele


Kariakoo, Dar es Salaam
18 Juni 1997

Shikamoo dada,

Barua imenikuta mzima, jasho tu. Nauza viatu vya mitumba. Zile timu kubwa nilizozifuata zilinitazama mara moja zikanisahau.

Mchana jua likichachamaa nafumba macho, nauona ukungu unapanda kutoka bondeni, unameza kona, unammeza mwamuzi, unameza hata miguu yangu. Kisha nawasikia. Wewe unaanzisha, Elina anadaka sauti ya pili, nami nakimbilia humo humo. Sijawahi kupotea hata siku moja.

Nitakuja, Mungu akipenda. Mwambie Elina... basi, nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Ezron


Masukulu
13 Julai 1997

Ezron mdogo wangu,

Ndaga fijo, asante sana! Umefika salama? Mimi nacheka peke yangu mpaka mama ananitazama vibaya.

Mwenzio nilikuwa nimeshakata tamaa. Tulianza kumi. Msimamizi kasimama na mwavuli wake, kila akihesabu anatikisa kichwa. Mara ukungu huo, mzito kama maziwa mgando. Tukaimba. Ndipo ukatokea kwenye migomba kule juu ya kona, jezi namba kumi na moja, kofia ya sufu umeivuta mpaka kwenye nyusi. Kapteni Lusungu akapaza sauti, "Kumi na mmoja hao!" Msimamizi akasogea, akahesabu, akaridhika. Nikawa nakuona na kukupoteza, nakuona na kukupoteza, halafu ukapiga na mguu ule ule wa kushoto. Nyavu zikatikisika mbele ya uso wangu. Nililia, Ezron. Uwanja umebaki!

Ila nina hasira nawe. Uje mpaka uwanjani ushindwe kufika nyumbani? Ndizi na maharage ya mama vimepoa vikikungoja. Ukungu ulipoinuka, hukuwepo.

Dada yako,
Atupele


Kariakoo
29 Julai 1997

Shikamoo dada,

Poleni na baridi. Mimi ni mzima, lakini barua yako imenitia baridi humu humu Dar.

Dada, sikuja. Nilifika stendi, nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikageuka. Alasiri ile ya Sabasaba nilikuwa nimepanga viatu juani. Nilifumba macho nikakusikia unaimba, wewe peke yako, nikashangaa mwitikiaji wako yuko wapi.

Mama anisamehe. Na jezi yangu nilimwachia mtu mmoja tu, unamjua.

Mdogo wako,
Ezron


Masukulu
15 Agosti 1997

Ezron,

Hatujambo, mgongo wa mama umetulia.

Niliposoma barua yako nilikaa kitako. Kweli kabisa! Siku ile niliimba mpaka koo likakauka na sauti ya pili haikuja. Furaha iliniziba masikio.

Nikamfuata Elina shambani. Alikuwa anachuma, kikapu mgongoni, anachechemea. "We Elina, Sabasaba ulikuwa wapi?" Akaendelea kuchuma. "Dada," akasema, "mipira ya Ezron ilipokuwa ikiangukia bondeni mazoezini, miaka yote ile, ulidhani ni nani alikuwa anaipiga ipande tena?" Nilicheka, nikamkumbatia na kikapu chake.

Lusungu alijua tangu mwanzo. Siku hizi Elina anafanya mazoezi nao, jezi ile ile. Mwekezaji alitaka kumi na mmoja, hakusema wawe wanaume.

Nilimwuliza kama nikuandikie uje. Alichuma mpaka kikapu kikajaa. Kisha akasema, "Aje. Nyuma ya goli anahitajika mtu wa sauti ya pili."

Dada yako,
Atupele