Mpira Uliokuwa Bado Juu ya Pete

Koku mjukuu wangu,

Sisi hapa Kibeta tu wazima. Goti la babu yako limepata nafuu na kahawa tumeshaianika.

Unauliza kwa nini kwenye mechi yenu ya mpira wa kikapu mwamuzi aliwapa wapinzani wenu pointi mbili, wakati hukuugusa mpira, ulivuta wavu wa pete tu. Hata mimi niliwahi kuduwaa hivyo!

Shuleni kwetu Kaagya, nguzo ya kikapu ilikuwa gogo tulilosimika wenyewe. Mpira ukikwama kwenye pete, tulilitikisa kama tunaangusha maparachichi. Siku tuliyocheza na wasichana wa Muleba, mwalimu wetu ndiye aliyekuwa mwamuzi, maana hakuna mwingine aliyejua sheria. Tunaongoza kwa pointi moja, muda unaisha, mpira wao unazunguka juu ya pete. Nikalitikisa gogo. Mpira ukaanguka nje, wazazi wetu wakashangilia.

Filimbi! Mwalimu wetu mwenyewe akawapa Muleba pointi mbili. Tukafungwa. Nikamkimbilia.

“Mwalimu, si tunatikisa kila siku?”

“Ule wa kila siku umekwama, mwanangu. Huu ulikuwa bado unaamua.”

Koku, mpaka leo sijui ungeangukia wapi.

Bibi yako