Walikuzika Bububu

Mpenzi Mahfoudh,

Salamu zikufike huko Maskati kwenye joto lako. Huku mvua imeanza, paka wako kazaa juu ya kanzu yako ya Idi, na mimi bado nnagombea udiwani.

Usishtuke na hili: Jumamosi wanawake wa Bububu walikuzika.

Wanaume wa kamati yangu walinishauri kama ulivyonishauri wewe kwenye simu: nisitie hina wala wanja, nisivae dhahabu, ili watu wasikilize maneno yangu. Nikatii. Nikaenda na buibui jeusi na uso mkavu, nikazungumzia mabomba yasiyotoa maji. Wakanitazama mikono, wakainamisha vichwa. Nilipomaliza, Bi Kidawa, mwenye nyumba tuliyokutania, akanikumbatia.

"Pole, mwanangu. Mikono mitupu bila hina, mumeo kafa lini? Na mbona unatembea, eda haijaisha?"

Nikawaambia u hai. Tukacheka mpaka machozi, lakini la maji hakuna aliyelisikia.

Jana nimetia hina mpaka viwikoni. Nilipokuwa nangoja ikauke nilikukumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinilisha tonge kwa mkono wako. Mara hii kanilisha mama, naye hana subira.

Kesho nnarudi Bububu na kikuba cha maua ya asumini kifuani, kusema maneno yale yale. Kamati wamenuna. Nawe ukinuna, nuna kidogo tu, mpenzi. Siku niliyokutii ndiyo siku niliyofanywa mjane.

Mkeo, na bado mkeo,
Saadiya